Nyumba ya Tangawizi Haiwekwi Friji

Hapana. Usiiweke kwenye friji. Si usiku mmoja, si "kidogo tu mpaka ikaze", si kwenye droo ya mboga, na friza ndiyo usiiguse kabisa. Nimeanza na jibu kwa sababu kila Desemba inapoingia, swali hili hunifikia hata salamu hazijakamilika: nyumba ya biskuti ya tangawizi imejengwa, watoto wameipamba mpaka kwenye bomba la moshi, sasa paa linateleza, mwalimu, niiweke friji? Wapo wasiouliza. Hao wameshaiweka, na wanachotaka kujua ni kwa nini asubuhi ilitoka ngumu kabisa, na kufika adhuhuri ikawa imekaa chini huku mtoto analia.

Nimelijibu kwenye simu, nimelijibu darasani, nimelijibu hata kwenye harusi za watu. Leo nalijibu kwa maandishi na kwa urefu, maana jibu fupi halijasaidia. Mengine yote kuhusu nyumba hii ni mepesi, na nitayapitia mbio huko mbele.

Anayeuliza swali hili ameshaamua kwamba adui wa nyumba yake ni joto. Ameona siagi ikilainika mezani, ameona chokoleti ikimchafua mtoto viganja, akahitimisha kuwa kitu chochote kitamu kinachoharibika Pwani kimeharibiwa na joto, na dawa ya joto ni baridi. Lakini biskuti hiyo imetoka kwenye oveni ya nyuzi 170. Nyuzi 31 za sebule ya Ilala au Likoni zitaifanya nini? Kinachoiangusha ni maji. Hayajamwagikia popote, hayaonekani, wala hayasikiki: yamo ndani ya hewa mnayoivuta hapo sebuleni.

Biskuti iliyookwa ikakauka sawasawa ina maji chini ya asilimia 5 ya uzito wake. Ukavu huo ndio nguvu yake yote. Wanga na sukari iliyomo, ikishakosa maji, hukaza na kuwa ngumu kiasi cha kuvunjika kwa mlio; ikirudishiwa maji kidogo tu hulegea, na ukuta uliosimama wima huanza kupinda kwa uzito wa paa. Sasa itazame hewa ya Pwani mwezi wa Desemba, mvua za vuli hazijaisha vizuri na kaskazi ndiyo inaanza kuvuma. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 imebeba zaidi ya gramu 22 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Biskuti kavu ikiachwa wazi katika hewa ya namna hiyo huyavuta maji hayo, saa baada ya saa, mpaka ilingane nayo. Ndiyo maana biskuti za pakiti iliyofunguliwa jioni asubuhi hazina tena ule mlio. Hakuna aliyezipasha moto usiku.

Nikifika hapa kuna msomaji mjuzi atakayeniambia kwamba hewa baridi haibebi maji mengi, kwa hiyo ndani ya friji ni kukavu. Sehemu ya kwanza ni kweli. Hewa ya nyuzi 4 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 6 na kidogo kwa mita ya ujazo. Ila biskuti haihesabu gramu. Inachokiitikia ni hewa hiyo imekaribia kiasi gani kushiba, na hewa ya friji ya nyumbani mara nyingi imekaribia sana: mna mchicha uliooshwa, mna sufuria ya mchuzi isiyofunikwa, mna jagi la juisi, na kila mtu anayefungua mlango kutafuta maji ya kunywa anaingiza hewa mpya ya nje iliyojaa mvuke. Nyumba yako inalala usiku kucha katika hewa hiyo. Tena inalala karibu na vitunguu na samaki, na mafuta yaliyomo kwenye biskuti hushika harufu kwa urahisi kuliko kitu chochote jikoni. Biskuti ya karafuu na mdalasini yenye harufu ya dagaa hakuna mtoto atakayeila, na hana kosa.

Hayo bado ni madogo. Balaa lenyewe linakuja ukiitoa. Umeona chupa ya soda iliyotoka friji inavyotoka jasho mezani mpaka inaacha duara la maji juu ya meza? Soda haikuvuja. Maji yale yametoka hewani, yamekutana na kioo baridi, yamegeuka matone. Kwa hewa niliyoitaja, ya nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 25 hivi kitatoka jasho. Nyumba yako imetoka na nyuzi 4. Tangu inapotua mezani mpaka inapofikia nyuzi 25, muda wote huo inakusanya maji juu ya kila ukuta, juu ya kila kipande cha paa, na zaidi juu ya aisingi. Chupa unaifuta kwa kitambaa yakaisha. Biskuti haifutiki, inayanywa.

Aisingi nayo, gundi ya nyumba nzima, ni karibu sukari tupu iliyokauka. Utando mwembamba wa maji ukikaa juu yake, sukari ya juu inayeyuka na kuwa shira. Rangi za pipi zinachuruzika: nyekundu inashuka ukutani, kijani inaingia kwenye theluji ya paa. Kwenye kiungo cha paa na ukuta, pale ambapo uzito wote umeegemea, shira hiyo inageuka utelezi. Paa linaanza kushuka polepole, kwanza upande mmoja. Hapo ndipo ninapopigiwa simu kwamba "aisingi yako imekataa".

Kinachonikera katika imani hii ni jinsi inavyomdanganya mtu mwenye akili timamu. Ukiigusa nyumba asubuhi ndani ya friji, ni ngumu kweli. Unaona dawa imefanya kazi. Ugumu ule ni wa siagi au majarini iliyomo kwenye biskuti: mafuta hayo huganda kwenye baridi, na hulainika tena joto la chumba likirudi. Ndani ya ugumu huo wa muda, wanga umeshalegea kwa maji. Kwa hiyo mafuta yakilainika hakuna kinachobaki kushika ukuta. Friji inapewa sifa ya ugumu wa saa moja, na aisingi inabebeshwa lawama ya kuanguka kwa saa ya pili. Mwaka unaofuata mtu huyohuyo anaongeza ute wa yai kwenye aisingi, anaongeza ndimu, anachomeka vijiti vya meno kwenye kuta, mwingine nimemwona anatia unga wa muhogo. Anahangaika na gundi wakati ugonjwa uko kwenye ukuta, na aliyeuleta ukutani ni yeye.

Imani hii haikutoka hewani, na ni haki niseme ilikotoka. Karibu kila pishi la biskuti za kukata linakuambia uweke donge kwenye friji kabla ya kulisukuma. Hilo ni sahihi kabisa: donge bichi likipoa, mafuta hukaza, ukikata ukuta unakatika kwa mstari ulionyooka. Keki ya krimu nayo huwekwa friji, na ni lazima, kwa kuwa krimu ina maji na maziwa, na bakteria huzaliana humo upesi kwenye joto. Ila donge bichi siyo biskuti iliyookwa, na krimu siyo aisingi ngumu. Biskuti kavu yenye sukari nyingi haina maji ya kuwatosha bakteria kuzaliana. Hakuna uozo unaoikimbiza kwenye baridi. Friji haina kazi ya kuifanyia, ila ina madhara ya kuiletea.

Halafu huja mabishano. "Mimi niliifunga kwa nailoni." Kama uliifunga isipitishe hewa hata chembe, na baada ya kuitoa ukaiacha ndani ya nailoni bila kuifungua mpaka ikapata joto la chumba lote, jasho litakaa nje ya nailoni na utakuwa umeokoka. Lakini mwenye nyumba yenye bomba la moshi, uzio na mti wa Krismasi wa aisingi anaifunga vipi isipitishe hewa bila kuiponda? Na kama aisingi haijakauka mpaka ndani, maji yake yamefungiwa humohumo na yatakimbilia kwenye biskuti. "Friji yangu ni ya kisasa, haigandi barafu." Sawa, hewa yake ya ndani ni kavu zaidi. Jasho la kuitoa liko palepale. "Niiweke friza, kuna ukavu." Friza ni nyuzi 18 chini ya sifuri, ikitoka itakusanya maji kwa muda mrefu zaidi, na pipi zitapasuka nyufa. "Hoteli kubwa zinaziweka kwenye baridi." Hoteli zinaziweka kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, na kiyoyozi ni kitu kingine kabisa: kinaipitisha hewa kwenye mabomba baridi, maji yanachuruzikia nje kwa ule mrija unaodondoka ukutani, na hewa inayorudi chumbani imepungukiwa mvuke. Nyumba inakaa kwenye nyuzi 23 au 24, haipoi kiasi cha kutoka jasho zito. Na zile nyumba kubwa anazoweza kuingia mtu, mara nyingi zina fremu ya mbao ndani. Biskuti zimebandikwa tu juu yake.

Mapishi mnayoyafuata nayo yanachangia. Mengi yana asili ya Ujerumani au nchi za Skandinavia, na yameandikwa na watu wanaoishi kwenye hewa nyingine. Huko Desemba hewa ya nje ikiwa nyuzi 0 haibebi zaidi ya gramu 5 za maji kwa mita ya ujazo. Inapoingia ndani na kupashwa na mashine za joto mpaka nyuzi 20, unyevu wake unashuka chini ya asilimia 30. Nyumba ya biskuti ikiwekwa kwenye dirisha la sebule ya Nürnberg au Bergen inazidi kukauka kila siku inayopita. Ndiyo maana wanaandika bila wasiwasi kwamba itakaa mpaka mwaka mpya na zaidi. Kwa hewa yao wanasema kweli.

Tena wao shida yao ni kinyume cha yetu. Biskuti za tangawizi za Kijerumani za kula huwa kavu mno zikikaa, kwa hiyo mama wa nyumbani huko huweka kipande cha tufaha ndani ya kopo ili zilainike. Anaongeza unyevu kwa makusudi! Mapishi yao mengi pia yana asali au shira nyeusi kwa wingi, na vitu hivyo hushika maji. Sukari nyeupe ya kawaida huanza kuyeyuka yenyewe hewani unyevu ukifika kama asilimia 84. Fruktosi, ambayo imejaa kwenye asali, huanza kwenye asilimia 62 hivi. Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam kiwango hicho kinapitwa karibu kila siku ya mwaka. Ukijenga kuta zako kwa asali nyingi kwa kufuata pishi la Ulaya, umezipa kuta kitu cha kuita maji, kisha ukalaumu joto.

Msomaji wa Nairobi ana nafuu kwa sababu ya mwinuko na hewa isiyolemewa na mvuke kama ya Pwani, na wa Dodoma ana nafuu mvua zikichelewa. Ndugu zetu walio Berlin au Minneapolis hawana shida hii hata kidogo, mradi nyumba isikae karibu na birika. Nikisema Pwani nasema na Pwani, pamoja na Kisumu na Mwanza kwenye siku za mvua.

Jambo jingine linalotokana na maji hayohayo ni madirisha. Watoto wanayataka ya sukari inayong'aa kwa kuwa hadithi ya Hansel na Gretel inayo. Katika masimulizi ya ndugu wa Grimm, yaliyochapishwa mwaka 1812, nyumba ya yule mchawi ilikuwa ya mkate, paa la keki, na madirisha ya sukari angavu. Kwenye hewa yetu pipi iliyoyeyushwa ikamiminwa dirishani huanza kunata siku ya kwanza na kuchuruzika ya pili. Iacheni nafasi wazi ya dirisha na mtoto achore vioo kwa aisingi. Kama lazima yawe ya sukari, yawekwe asubuhi ya sikukuu yenyewe.

Na kwa kuwa nimetaja sukari iliyoyeyushwa: wapo wanaoitumia kama gundi, kwa sababu inashika papo hapo. Inashika, ndiyo. Ina joto zaidi ya nyuzi 160 na ikimgusa mtoto inang'ang'ania kwenye ngozi huku inaendelea kuunguza. Kwenye meza yenye watoto haikai. Mzazi anayesema "nitakuwa mwangalifu" amewahi kuona watoto wangapi wakikaa kimya mbele ya pipi?

Sasa ya kufanya, na nitakwenda haraka.

Donge la Pwani: unga wa ngano wa kawaida gramu 500, usiwe ule uliokwisha tiwa bekingi pauda, majarini au siagi gramu 125, sukari nyeupe gramu 200, maji mililita 100, chumvi kidogo, tangawizi ya unga vijiko viwili vya chai, mdalasini kimoja, karafuu iliyosagwa nusu, kungumanga ukwangue kidogo. Tangawizi ya Same iliyokaushwa na karafuu ya Pemba zinatosha kabisa, hakuna haja ya kutafuta kopo la viungo lililotoka ng'ambo. Usitumie tangawizi mbichi. Huleta maji na nyuzinyuzi. Chemsha maji na sukari mpaka iyeyuke, tia majarini, ikishapoa kidogo mimina kwenye unga uliochanganywa na viungo, kanda. Hakuna hamira, hakuna bekingi pauda, hakuna magadi: vyote vinaumua kuta, na ukuta ulioumuka hauna ukingo wa kubandika. Asali ukiitaka kwa ladha, kijiko kimoja cha mezani, basi.

Funga donge, hapa friji ruksa, nusu saa. Sukuma kwa kifimbo cha chapati juu ya karatasi ya kuokea, unene wa milimita 5 au 6, ukate palepale kwenye karatasi na kuvuta mabaki pembeni, usiinue kuta zikapinda. Jengeni ndogo: kuta za sentimita 10 kwa 8 zinaingia hata kwenye sufuria la mkaa juu na chini, na nyumba ndogo inabeba paa lake bila taabu. Oka nyuzi 170 kwa dakika 15 hadi 20. Zikitoka, nyoosha kingo kwa kisu zikiwa bado za moto, halafu zirudishe kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa nusu saa nyingine. Uokaji huu wa pili ndio unaoitoa nyumba kwenye hatari, na ndio watu wanaouruka. Ziache zipoe juu ya waya, zigonge kwa kucha; zisipotoa mlio mkavu, zirudishe. Zikishapoa kabisa zifungie kwenye kopo lenye mfuniko unaobana saa hiyohiyo, usiziache mezani ukaenda kulala.

Aisingi: ute wa yai moja kwa gramu 250 hivi za sukari ya aisingi, ipigwe mpaka kilele kwenye kijiko kisimame bila kuinama. Matone machache ya ndimu yanasaidia ute kusimama. Hayaui bakteria ya Salmonella, na yai la kienyeji linaweza kuwa nayo kama la kisasa. Watoto wadogo na mama wajawazito wataila nyumba hii, kwa hiyo tumieni unga wa ute wa mayai unaouzwa kwenye maduka ya vifaa vya keki, au upasheni ute pamoja na vijiko vichache vya ile sukari kwenye bakuli juu ya maji yanayochemka polepole, mkikoroga bila kuacha, mpaka kipimajoto kisome nyuzi 71, ndipo mpige na sukari iliyobaki. Bakuli la aisingi lifunikwe kwa kitambaa kibichi wakati wote wa kazi. Mfuko wa nailoni safi uliokatwa ncha ya kona unatosha kuipaka, hakuna haja ya kununua bomba la kupambia.

Watoto wapambe kuta zikiwa zimelala mezani, kabla ya kusimamishwa. Hii ni siri ya kazi na sichoki kuirudia. Ukuta uliolala haumwangukii mtu, mtoto wa miaka mitatu na wa kumi wanafanya kazi meza moja bila kugombana, kila mmoja na ukuta wake, na pipi hazitelezi. Mkubwa ndiye anayesimamisha nyumba baadaye. Wanaowaketisha watoto mbele ya nyumba iliyobandikwa dakika ishirini zilizopita wanawaonea: mkono mdogo unaobonyeza pipi una nguvu ya kutosha kuangusha kuta nne, na mtoto anabaki akidhani ameharibu yeye.

Mapambo yawe makavu: ufuta, nazi iliyokunwa na kukaushwa, korosho, vipande vya biskuti, pipi za chokoleti zenye ganda la sukari. Ubuyu mwekundu ni mzuri wa macho lakini rangi yake inahamia kwenye aisingi nyeupe. Uwekwe kwenye ua, chini, usipande paani. Peremende ngumu zinanata, ziwekeni siku ya mwisho. Karanga na korosho nzima na pipi ngumu asipewe mtoto wa chini ya miaka minne, zinakaba. Na kama kuna mgeni mdogo mwenye mzio wa karanga, ziondoke mezani zote.

Kuta zilizopambwa zikaushwe chini ya feni, au zile zenye aisingi tupu bila pipi ziingie kwenye oveni ya nyuzi 50, mlango wazi kidogo, nusu saa. Simamisheni kuta juu ya ubao, egemezeni makopo ya nyanya ndani na nje, ziacheni usiku mzima zikiwa kwenye chumba chenye kiyoyozi au zimefunikwa kwa beseni. Paa libandikwe kesho yake, lishikiliwe na makopo chini ya kingo mpaka aisingi ishike. Haraka ya "tumalize leo leo" ndiyo inayoziangusha nyingi zilizosalimika na friji.

Ikishakauka, mahali pake ni pawili. Pa kwanza ni chumba chenye kiyoyozi kinachofanya kazi muda mwingi. Pa pili, kwa nyumba zisizo nacho, na ndizo nyingi, ni kontena kubwa la plastiki linaloonyesha, la aina ya kuhifadhia nguo, limegeuzwa: mfuniko chini, nyumba juu ya mfuniko, kontena juu yake, likabanwa. Watoto wanaiona pande zote na hewa ya nje haiigusi. Wakati wa kuionyesha kwa wageni ifunueni, wakiondoka ifunikeni. Sisimizi wataifuata tu. Inueni ubao juu ya kikombe kilichosimama kwenye sahani ya maji. Nyumba ikianza kulegea na bado haina pipi, irudisheni vipandevipande kwenye oveni ya nyuzi 120. Ikiwa na pipi, kiyoyozi au muile.

Kuhusu tarehe sina mjadala. Anzeni kuoka tarehe 21, pambeni 22, simamisheni 23, na tarehe 25 watoto waivunje wenyewe. Biskuti iliyokaa wazi kwenye hewa ya Pwani wiki nzima imeshakusanya vumbi, nzi wameitembelea, na kwenye kona za ndani ya paa inaweza kuwa imeanza ukungu ambao mtoto hatauona kwa sababu ya pipi. Msiwape. Iliyovunjwa ndani ya siku tatu au nne ni salama, na vipande vilivyolainika vikichovywa kwenye chai ya maziwa ni vitamu kuliko vilivyokauka.

Mwakani kama paa litateleza tena, niambieni kwanza mliziokaje kuta, mara moja au mara mbili, na mlitia asali kiasi gani. Hapo tutakuwa na la kuzungumza.